Mchezo Mmoja Hautoshi

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wananchi na kamati ya polisi jamii, Mitundu, Lilongwe



Nimeombwa nizungumze juu ya michezo na usalama. Aghalabu mada ya namna hii hupewa mwalimu wa michezo, naye huanza kwa kutukumbusha kwamba michezo hujenga afya na kuwaepusha vijana na pombe. Maneno hayo ni ya kweli, na mmekwisha kuyasikia. Mimi nitaeleza habari moja tu, nayo ni habari ya urafiki wangu na mtu huyu aliyesimama kando yangu akiyageuza maneno yangu katika Kichewa. Sitamtaja jina. Ninyi wa Mitundu mnamjua, na wale watakaoyasoma haya katika jarida, huko mipakani, hawalihitaji. Kiswahili chake alikipata utotoni, uwanjani, si darasani. Nami Kichewa changu nilikipata papo hapo. Hilo nalo litafsiri, mwenzangu, usiliruke.

Nilifika Dzaleka mwaka 1999 nikiwa na umri wa miaka 9. Tulitoka Baraka, katika Kivu ya Kusini, tukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukashuka kwa vituo vingi mpaka Mbeya, kisha tukavuka mto Songwe na kuingia Karonga. Ninyi mnaoishi mipakani mnaifahamu njia hiyo, na mnajua jinsi mtoto anavyofika mwisho wake. Kambi yenyewe iko wilayani Dowa, kilomita 40 na kitu kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, palikuwa gereza walikofungwa wapinzani wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Wajuao Kichewa wanasikia katika jina la Dzaleka sauti ya mtu anayesema kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa makazi ya watu waliokimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na Kongo. Palikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000.

Pande zote za kambi ni mashamba ya wenyeji, mahindi na tumbaku na karanga. Watoto wa vijiji vya jirani walikuja kusoma pamoja nasi, na mpaka leo wanakuja. Shule ya msingi ya hapo inaitwa Umodzi Katubza, na Mswahili yeyote akilisikia neno umodzi hahitaji mkalimani. Rafiki yangu alikuwa mmoja wa watoto hao wa vijijini. Mama yake alitoka huku Mitundu, ndiyo maana alipokua akaja kuishi kwa mjomba wake na kuanza biashara hapa.

Mchezo wa kwanza tuliocheza ulikuwa mpira wa miguu. Mpira wenyewe tuliutengeneza kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, kama watoto wote wa nchi hizi. Katika mchezo huo yeye alikuwa mfalme. Alipiga chenga bila kuangalia chini, nami nilikuwa yule mtoto anayewekwa golini kwa sababu hakuna mahali pengine pa kumweka. Mpira ulipotumbukia katika shamba la mahindi, niliyetumwa kuufuata ni mimi. Nasema kwa yakini kwamba kama tungeishia kwenye mpira wa miguu, tusingekuwa marafiki. Mimi ningekuwa mfuasi wake, na ufuasi ni kitu kingine kabisa. Mtoto akiwa chini kila siku hujifunza mambo mawili, kuabudu au kuchukia, na yote mawili ni hatari kwake na kwa jirani zake.

Kilichotuokoa ni mieleka. Kwetu Baraka watoto hupigana mieleka juu ya mchanga wa ziwa, na sheria ni moja tu: mgongo ukigusa chini, umeshindwa. Siku moja baada ya mpira nilimwambia tujaribu. Alianguka mara tatu, mbele ya wenzake wa kijijini waliokuwa wakimshangilia dakika chache kabla. Wengine walitarajia ugomvi. Kesho yake alikuja mapema kuliko watoto wote akaniambia nimwoneshe mahali pa kuweka mguu. Nikamwonesha. Jioni hiyo akanionesha jinsi ya kuutuliza mpira kwa ndani ya mguu. Tangu hapo hapakuwa na bwana wala mtwana kati yetu. Kila mmoja alikuwa fundi mahali fulani na mwanagenzi mahali pengine.

Kisha tukafundishwa sote wawili na mtu ambaye hatukumtazamia, dada yake. Malawi, ndugu zangu, ni nchi ya mpira wa pete. Timu ya taifa ya wanawake ilikuwa ya sita duniani katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 huko Liverpool, na Mwai Kumwenda, mfungaji wake mashuhuri, amecheza kama mchezaji wa kulipwa huko Australia. Enzi za utoto wetu mambo hayo yalikuwa bado mbali, lakini dada huyu alihitaji watu wa kufanyia mazoezi, na sisi tulikuwa karibu. Tulidhani ni mchezo mwepesi. Mkiujua mpira wa pete, mnajua kwamba mchezaji akishaudaka mpira hawezi kutembea nao, hana zaidi ya sekunde 3 za kuushika, na anayemzuia lazima akae umbali wa sentimita 90. Rafiki yangu, aliyezoea kukimbia na mpira, alipulizwa filimbi kila hatua. Mimi, niliyezoea kumkamata mtu kiunoni, nilipulizwa zaidi. Dada akatucheka mpaka akakaa chini. Katika michezo yote niliyocheza, huo ndio ulionifundisha kusimama. Vijana wengi wa kiume hapa hawajawahi kuujaribu kwa sababu unaitwa wa wasichana, nami nauona huo kuwa upotevu mkubwa.

Sasa niwaeleze kuhusu bao, na hapa mtaniwia radhi nikichukua muda.

Mwajua kwamba bawo la Malawi na bao la Waswahili ni ndugu wa damu. Safu ni 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete ni 64. Lile shimo kubwa la kila mchezaji Mswahili huliita nyumba, na Mchewa akisema nyumba anamaanisha nyumba. Sasa, pale Dzaleka palikuwa na wazee wa Kinyarwanda waliocheza igisoro kwa ubao wenye mashimo yale yale na kete zile zile. Palikuwa na mzee mmoja wa Uvira, aliyewahi kuishi Kigoma kwa miaka mingi, ambaye alicheza kwa sheria ya Kiswahili: unaweka kete 6 katika nyumba, mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 unabaki nazo mkononi za kunamulia. Na palikuwa na wanakijiji waliokuja na sheria zao. Ubao mmoja, kete 64, sheria tatu.

Ugomvi wa pale, wazee wangu, haukuwa mdogo. Kwa sheria ya Kiswahili, ukila kete za mwenzako unaanza kuzigawa kutoka kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu. Kwa sheria ya igisoro, unaanzia pale mzunguko wako ulipoanzia. Mtu mmoja anaona mwenzake anaiba. Mwenzake anaona yeye ndiye anayeibiwa. Na kwa kweli hakuna mwizi hata mmoja. Nimewaona watu wazima, watu wenye wajukuu, wakisimama na kumwaga kete kwa sababu hiyo, kisha wakatajana kwa makabila. Watoto tulikuwa tukiokota kete hizo majanini.

Mimi na rafiki yangu tulijifunza bao kwa kuwatazama wazee hao, tukachimba mashimo yetu ardhini nyuma ya shule, tukatumia mbegu. Kwa kuwa tulikuwa tumewaona wakubwa wakigombana, tulijiwekea desturi: kabla ya kete ya kwanza, tunataja sheria. Leo ya Kigoma, kesho ya kijijini kwenu, keshokutwa ya Mnyarwanda. Aliyeshinda jana hachagui leo. Desturi hiyo hatukufundishwa na mwalimu wala padri. Ilitokana na uchovu wa kuokota kete. Tuliicheza hivyo kwa miaka mingi, nami nadhani niliwahi kushindwa mara nyingi zaidi kuliko yeye, ingawa naona anatikisa kichwa kabla hajatafsiri.

Katika bao mtu humwona mwenzake alivyo. Mpira wa miguu una kelele, mtu hujificha ndani ya timu. Kwenye bao mmekaa magoti kwa magoti, na kila ukipungukiwa kete mwenzako anazihesabu. Anajua ukishindwa unafanya nini. Anajua kama huwa unasukuma kete kwa kidole akigeuka. Anajua kama unamwaga.

Nimefika sasa katika jambo lililonileta. Miaka kadhaa baada ya utoto huo nilikuja hapa Mitundu siku ya soko na mzigo wa vitenge, nikiwa na baiskeli. Mchana baiskeli ya mtu mmoja ikapotea. Ilikuwa ya rangi kama yangu. Mtu akanisikia nikizungumza kwa simu kwa Kiswahili, akauliza kwa sauti mimi ni nani na nimetoka wapi, na kabla sijajibu mwingine akapaza sauti: Mbala! Wote mliopo mnajua neno hilo likishatamkwa sokoni ni nini hufuata. Sitaeleza kwa urefu. Walikuwa watu 30 au 40, wengine wakiwa na vipande vya matofali mikononi, na wengi wao hawakujua ni kitu gani kimepotea.

Rafiki yangu wakati huo alikuwa akiendesha baiskeli ya abiria, ile mnayoita kabaza. Alipita, akaniona, akashuka. Nataka msikilize vizuri alichosema, kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki humtia maneno mengine mdomoni. Hakusema kwamba mimi si mwizi. Hakusema kwamba mimi ni ndugu yake. Alisema: “Polisi si mbali. Twendeni naye. Mimi nitamshika mkono huu, na mwenye baiskeli amshike mkono ule, asikimbie.” Basi. Mwenye baiskeli, aliyekuwa amekasirika kuliko wote, akajikuta amepewa kazi ya kufanya. Akanishika. Tukatembea watu watatu, umati nyuma yetu, na kila hatua umati ulipungua, kwa kuwa wengi walikuja kutazama kipigo, na kutembea hadi kituoni hakuna utamu.

Kituoni tuliandikisha maelezo. Nilitoa risiti ya baiskeli yangu, nayo ikaandikwa. Kabla ya jua kutua ikajulikana kwamba ile iliyopotea ilichukuliwa na mpwa wa mwenyewe, aliyeipeleka kwenye mashine ya kusaga bila kuaga. Mwenyewe alikuja akanipa mkono. Yuko hai, mimi niko hai, na mpwa wake pia, ambaye kwa desturi ya siku hiyo angeweza kuwa wa pili kupigwa.

Usiku huo nilimwuliza rafiki yangu kwa nini hakuwaambia watu kwamba ananijua tangu utotoni. Akanijibu hivi: “Wasingenisikia. Na tena, sikujua kama umeiba au hukuiba. Tulikuwa hatujaonana mwaka mzima. Nilichojua ni kwamba wewe humwagi kete.” Yaani alijua kwamba nikipelekwa mbele ya sheria nitakaa mpaka mchezo uishe. Jibu hilo liliniuma kidogo wakati ule, sikatai. Baadaye nikaona kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo jirani anaweza kumpa jirani. Udugu peke yake ungemfanya anitetee hata kama nimeiba. Chuki ingemfanya aniache. Yeye alitaja sheria kabla ya kete ya kwanza, kama tulivyozoea nyuma ya shule.

Ndugu maofisa, kwa ruhusa yenu niseme jambo ambalo huenda halitapendeza wote. Nimehudhuria mabonanza mengi ya ujirani mwema. Mara nyingi hupangwa hivi: timu ya Wakongomani, timu ya Warundi, timu ya Wanyarwanda, timu ya wenyeji, mpira wa miguu tu, kombe, jezi, picha. Nia ni njema kabisa. Lakini hebu tutazame kinachotokea. Tumewachukua vijana ambao tayari wanajitenga kwa asili zao, tumewavika rangi tofauti, tumewapanga wakabiliane, na tumewaletea mashabiki wa kuwazomea wengine. Refa akikosea kidogo, tunaita gari la polisi kwenye sherehe ya amani. Timu zichanganywe. Kura ipigwe pale pale uwanjani, na ndugu wawili wa nyumba moja waweze kukutana wakiwa wapinzani.

Wenzetu wa mpaka wa Kenya na Uganda wanalo la kutufunza hapa. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994, alizaliwa katika eneo la Wapokot, ambako wizi wa mifugo kwa bunduki umeua watu wengi kwa vizazi. Tangu mwaka 2003 taasisi yake imeandaa mbio za amani huko Kapenguria na kwingineko, na wapiganaji wa jamii zinazoibiana ng'ombe wamekimbia katika barabara moja. Tazameni alichochagua: mbio, ambazo kila mtu hukimbia kwa miguu yake na hakuna upande wa kushangilia dhidi ya mwingine. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyeiongoza timu ya wakimbizi katika Olimpiki za Rio mwaka 2016. Wanamichezo wake walikuwa 10, na watano kati yao walitoka kambi ya Kakuma. Siamini kwamba mbio zilimaliza wizi wa mifugo, wala yeye hajadai hivyo. Nasema tu kwamba alifikiri kwanza ni mchezo gani unafaa ugomvi gani.

Kuna sababu ya kulifikiri hili sasa na si baadaye. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee Dzaleka. Sikuja hapa kuijadili amri hiyo. Mimi mwenyewe nimekuja leo kwa kibali, na jioni ninarudi. Ninachokiona ni kwamba watoto wa sasa wa Mitundu na watoto wa sasa wa Dzaleka wanaonana mara chache kuliko sisi tulivyoonana. Januari 2022, Gabadinho Mhango alipowafunga Moroko kwa mkwaju ule wa mbali katika Kombe la Afrika, rafiki yangu alinipigia simu kabla mpira haujarudishwa katikati, tukapiga kelele wote wawili, yeye huku, mimi kambini. Malawi ilifungwa 2 kwa 1 mwishoni, na tukapigiana tena kupeana pole. Nawaza mtoto wa leo wa kambini akipata furaha kama ile, atampigia nani upande huu?

Kwa hiyo nimeleta ombi kwa kamati, nalo nimekwisha kulizungumza na Mwenyekiti. Katika likizo ijayo ya shule, watoto 20 wa hapa na 20 wa Dzaleka wakutane kwa siku tatu, kwa vibali vyote vinavyotakiwa, wakiwa na walimu wao. Siku ya kwanza mpira wa miguu asubuhi na mieleka jioni. Siku ya pili mpira wa pete, wavulana na wasichana pamoja, na filimbi ashike msichana. Siku ya tatu bao, tangu asubuhi hadi mwisho, na kila jozi itaje sheria yake kabla ya kuanza, mbele ya mzee mmoja wa hapa na mmoja wa kambini. Kombe lisiwepo. Chakula kiwepo. Ofisa wa polisi akipenda kucheza, avue kofia acheze. Asikae tu kwenye kiti cha mgeni rasmi.

Ubao mmoja tumekuja nao, uko pale chini ya mwembe. Rafiki yangu na mimi tutacheza mchezo mmoja kabla sijaondoka, kwa sheria ya Mitundu, kwa kuwa mara ya mwisho mimi ndiye niliyeshinda. Anayetaka kumpokea mshindi akaribie. Kete ni 64, tumezihesabu mbele ya Mwenyekiti, na zitahesabiwa tena jioni.